Maji Ndani ya Shina: Mimea Ilivyoizoea Nchi Kavu

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu, wanafunzi na nyote mliofika kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie namna mimea ilivyotoka majini na kuizoea nchi kavu. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama safari ya ushindi, kwamba mimea iliivamia ardhi tupu, ikaitwaa na kuitawala. Mimi naomba tuitazame kwa namna nyingine. Ninavyoamini, karibu kila kiungo cha mmea tunachokijua leo, liwe jani, mzizi, shina la mti au mbegu, kimetokana na mgongano mmoja ambao haujapata kusuluhishwa hadi sasa: mmea hauwezi kuishi bila kuingiza hewa ya ukaa, na tundu linaloingiza hewa hiyo ndilo hilo hilo linalopoteza maji. Mkiushika uzi huo, mengi yanayoonekana kutawanyika katika somo la botania yatajipanga yenyewe.

Nianze na asili. Ulinganisho wa jeni umeonyesha wazi kwamba mimea yote ya nchi kavu, kuanzia mosi, ile midogo laini inayotanda juu ya mawe na magogo yenye unyevu, hadi misonobari na nyasi, imetokana na tawi moja tu la mwani wa kijani, na kwamba tawi hilo lilikuwa la maji baridi, si la baharini. Ndugu wa karibu zaidi waliobaki hai ni kundi la Zygnematophyceae, ambamo mna spirogira, ule mwani wa nyuzinyuzi zinazoteleza ambao wanafunzi wengi wameuona kwa hadubini. Jambo la maji baridi lina uzito mkubwa. Bahari haikauki, lakini kidimbwi hukauka. Mwani ulioishi kandokando ya vidimbwi na juu ya matope yenye unyevunyevu ulikwisha kuzoea kuachwa juani, kukauka na kuloweshwa tena muda mrefu kabla ya kuwapo kitu chochote kinachostahili kuitwa mmea wa nchi kavu.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa jenomu, yaani jumla ya jeni, za aina mbili za mwani wa kundi hilo, Spirogloea muscicola na Mesotaenium endlicherianum, ambazo huishi nje ya maji mahali penye unyevu. Ndani yake walikuta familia za jeni ambazo katika mimea ya leo zinahusika na kustahimili ukavu, na baadhi ya jeni hizo zinafanana mno na za bakteria wa udongoni, kiasi kwamba watafiti hao walihitimisha kuwa huenda babu wa mimea alizipokea kutoka kwa bakteria hao. Naliona jambo hili kuwa la kustaajabisha sana. Sehemu ya vifaa vya kukabiliana na ukame ilikuwa tayari imo mikononi kabla ya safari kuanza, na sehemu nyingine inaelekea kuwa ilitoka kwa viumbe waliotangulia kuishi udongoni.

Ushahidi wa kale kabisa wa mimea yenyewe nchi kavu si majani wala mashina, bali ni spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Katika miamba ya Argentina yenye umri wa miaka takriban milioni 470, ya kipindi cha Ordovishia, zimepatikana spora ndogo mno zenye kuta ngumu, nyingi zikiwa zimeshikamana nne nne au mbili mbili. Kuta hizo zimetengenezwa kwa sporopolenini, dutu ambayo asidi kali haiiyeyushi na ambayo huikinga chembe hai iliyomo ndani dhidi ya ukavu na mionzi ya urujuanimno. Kwa hiyo silaha ya kwanza iliyohifadhiwa katika miamba ni ganda la kuzuia kukauka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kiumbe kilichozungukwa na maji kikubali taabu hii? Faida ilikuwa kubwa. Nuru ya jua hufifia upesi majini, lakini hewani haina kizuizi kikubwa. Kaboni dioksidi, yaani ile hewa ya ukaa, ambayo ndiyo malighafi ya usanisinuru, ule utengenezaji wa chakula kwa nuru, hupenya katika maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Madini nayo yamo miambani, yakingoja wa kuyachukua. Mwani ulioweza kudumu nje ya maji ulikuwa umefika penye chakula tele na washindani wachache. Lakini majini mwili wake ulikuwa ukielea bila kuhitaji nguzo, ukinyonya chakula kwa uso wake wote, na mbegu zake za kiume zikiogelea kulifuata yai. Nchi kavu iliyaondoa yote matatu kwa mpigo, na juu ya hayo hewa ikawa inaunyonya maji mchana kutwa.

Ziko njia mbili za kuishi na hewa inayonyonya maji. Ya kwanza ni kukubali kukauka. Chukueni kishungi cha mosi kilichokauka hadi kimekuwa cha hudhurungi na kinavunjika kwa kuguswa, mkidondoshee maji, kisha mkitazame kwa kioo cha kukuza. Vijani vyake, ambavyo kila kimoja kwa sehemu kubwa kina unene wa seli moja tu, huanza kujikunjua mbele ya macho yenu, rangi ya kijani hurejea, na baada ya muda usio mrefu usanisinuru huanza tena. Mmea huo haukufa, ulisimamisha shughuli zake tu. Ni mbinu iliyofaulu kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na sikubaliani na wanaoiita ya kishamba. Kasoro yake ni kwamba mwili wa namna hiyo haukui wakati wa ukavu na hauwezi kuwa mkubwa.

Njia ya pili ni kuyafungia maji ndani. Mimea iliyoifuata ilijipaka juu ya ngozi yake utando wa nta na kutini, unaoitwa kutikula, ambao maji hayapiti kwa urahisi. Tatizo ni kwamba kinachozuia maji kutoka huzuia pia hewa ya ukaa kuingia. Mmea uliozibwa kila upande usingekauka, lakini ungekufa njaa. Jibu lake ni stomata, na hapa naomba tutue kidogo, kwa kuwa sijui kiungo kingine kidogo kiasi hiki kilichobadili sura ya dunia kiasi hiki.

Stoma moja ni tundu lililozungukwa na seli mbili linzi, zilizokaa mkabala mfano wa midomo miwili. Asubuhi, nuru inapozigusa, seli hizo huingiza ioni za potasiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Maji hufuata ioni kwa osmosisi, seli hufura, na kwa kuwa ukuta wa upande wa ndani ni mnene kuliko wa nje na nyuzi za selulosi zimeizunguka seli kwa upana wake, seli hazinenepi bali hupinda, na tundu hufunguka. Udongo unapokauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki, ioni hutoka, seli hunywea na tundu hufunga. Uamuzi huo hufanywa na kila jani, saa baada ya saa. Gharama yake ni kubwa hata wakati mambo ni mazuri, kwani kwa kila molekuli moja ya kaboni dioksidi inayopatikana, mmea wa kawaida hupoteza mamia ya molekuli za maji. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi hupita tu mwilini na kwenda zake hewani.

Hasara hiyo lazima ifidiwe, na mimea ya kwanza haikuwa na mizizi. Hapa ndipo anapoingia mshirika ambaye masimulizi mengi humsahau, naye ni kuvu. Mwaka 1912 daktari William Mackie aligundua karibu na kijiji cha Rhynie huko Scotland mawe ya aina ya gumegume yaliyojaa mimea ya kale. Miaka takriban milioni 407 iliyopita, maji ya chemchemi za moto yenye silika nyingi yalifurika juu ya mimea iliyosimama hapo na kuigeuza jiwe kabla haijaoza, hata seli mojamoja zinaonekana hadi leo. Wanabotania Robert Kidston na William Henry Lang waliieleza mimea hiyo katika makala walizotoa kati ya mwaka 1917 na 1921. Mingi ilikuwa mifupi, mashina matupu yaliyogawanyika pande mbili mbili, bila majani, yakiwa na stomata zinazotambulika mara moja kwa yeyote anayejua za leo.

Ukikata jiwe hilo likawa kipande chembamba kinachopenyeza nuru na kukitazama kwa hadubini, ndani ya seli za mmea uitwao Aglaophyton utaona nyuzi za kuvu zilizogawanyika kuwa vichaka vidogo vidogo sana. Vichaka vya namna hiyo hiyo vimo leo ndani ya mizizi ya mimea mingi iliyo hai. Kazi yake inajulikana: kuvu huleta fosforasi na madini mengine kutoka udongoni, mmea humlipa kwa sukari na mafuta uliyotengeneza. Mapatano hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 400 na ni ya kale kuliko mzizi wenyewe. Ndiyo sababu nasita kusema kwamba mimea ilihamia nchi kavu peke yake.

Mmea uliokwisha kupata njia ya kuyaingiza maji na kuyazuia ulikabiliwa na jambo lingine, yaani kuyapandisha. Cooksonia, mmea wa kipindi cha Siluria, kilichofuata Ordovishia, ambao Lang aliuelezea mwaka 1937 na kuupa jina la mwanabotania wa Australia, Isabel Cookson, ulikuwa na urefu wa sentimeta chache tu. Katika kimo hicho maji hupanda bila shida kubwa. Lakini palipoanza kuwa na msongamano, aliye mrefu ndiye aliyepata nuru na aliyetawanya spora zake mbali, na urefu ulidai mabomba. Mabomba hayo ni zailemu, na yana ajabu yake: seli zake hufanya kazi baada ya kufa. Seli hujijengea kuta nene, huziimarisha kwa lignini, dutu inayoupa mti ugumu wake, kisha hujiua kwa utaratibu na kubaki mrija mtupu. Lignini inahitajika kwa sababu maji hayasukumwi kutoka chini, huvutwa kutoka juu. Wanasayansi Henry Dixon na John Joly walilieleza jambo hili mwaka 1894: kila molekuli inayotoka kwenye jani huivuta iliyo nyuma yake, na mvuto huo hushuka hadi mizizini, kwa hiyo mrija wenye kuta dhaifu ungebonyea. Kwa kuzuia mrija usibonyee, mmea ukapata pia mbao. Miti iitwayo misekwoya ya pwani ya California, yenye urefu wa zaidi ya meta 110 hunyanyua maji hadi kileleni bila pampu yoyote, na nishati inayofanya kazi hiyo ni ya jua linalokausha majani.

Majani mapana yalichelewa kwa namna inayoshangaza. Tangu mimea ya kwanza yenye mirija hadi majani mapana yalipoenea ilipita takriban miaka milioni 40, ingawa uwezo wa kuyatengeneza unaelekea kuwapo mapema zaidi. Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu kuliko mengine yanaturudisha kwenye stomata. Mwanzoni mwa kipindi cha Devonia, kilichofuata Siluria, hewa ilikuwa na kaboni dioksidi nyingi sana, hivyo mmea ulitosheka na stomata chache. Jani pana lenye stomata chache halitoi mvuke wa kutosha kujipoza, na chini ya jua kali lingeungua. Kadiri kaboni dioksidi ilivyopungua, stomata ziliongezeka, upozaji ukaongezeka, na jani pana likawezekana.

Na ni nani aliyeipunguza kaboni dioksidi hiyo? Kwa sehemu kubwa, ni mimea yenyewe. Mizizi, ambayo kwa ushahidi wa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, ilitokea zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali, ilipasua miamba na kuimwagia asidi, na mmomonyoko wa kikemia wa miamba ya silika huondoa kaboni dioksidi hewani na hatimaye huifungia katika mawe ya chokaa baharini. Karibu na mji wa Cairo katika jimbo la New York pamehifadhiwa mtandao wa mizizi ya msitu wenye umri wa takriban miaka milioni 385, na ndani yake mna mizizi mipana ya Archaeopteris, mti uliokuwa na mbao halisi. Misitu ya namna hiyo, na ile ya kipindi kilichofuata cha Kaboniferasi iliyozikwa matopeni na kuwa makaa ya mawe, iliipoza dunia na kuijaza oksijeni. Mmea ulibadilika kwa sababu ya hewa, na hewa ikabadilika kwa sababu ya mmea.

Nimebakiza uzazi, ambako utegemezi wa maji ulikatika mwisho kabisa. Mwaka 1851 Wilhelm Hofmeister, aliyejifundisha botania mwenyewe huku akifanya biashara ya vitabu na muziki ya familia yake mjini Leipzig, alionyesha kwamba mimea yote ya nchi kavu hupokezana vizazi viwili: kimoja hutoa spora, kingine hutoa yai na mbegu za kiume. Katika mwani ulio ndugu wa mimea, yai likisharutubishwa hugawanyika moja kwa moja na kutoa spora chache. Katika mimea, yai lililorutubishwa hubaki ndani ya mama, hulishwa naye, na kukua kwanza kuwa mwili wenye seli nyingi unaotoa spora kwa maelfu. Mwanabotania Frederick Orpen Bower aliliona hilo mapema katika karne ya 20 kuwa ni jibu kwa ukavu: mahali ambapo tone la maji la kuogelea hupatikana kwa nadra, kila urutubishaji mmoja uliofaulu lazima utumiwe kikamilifu.

Kangaga huonyesha hali hiyo waziwazi. Ule mmea wenye majani mazuri marefu ni kizazi cha spora tu. Spora yake ikiangukia mahali palipolowa huota kitu kingine kabisa, kibapa cha kijani kisichozidi ukubwa wa ukucha, chenye umbo la moyo, kilicholala juu ya udongo. Chini ya kibapa hicho kuna mayai na mbegu za kiume zenye mikia mingi, na mbegu hizo bado huogelea katika utando wa maji kama walivyofanya wahenga wao. Kangaga refu kuliko mtu bado linangoja kiasi kidogo cha maji ardhini ili lipate mtoto.

Mbegu ya mimea ilimaliza utumwa huo. Kuelekea mwisho wa kipindi cha Devonia, zaidi ya miaka milioni 360 iliyopita, baadhi ya mimea iliacha kuitoa spora ya kike nje. Ilibaki juu ya mti ndani ya kifuko chake, kizazi cha yai kikakulia humo humo, na spora ya kiume ikawa chavua inayopeperushwa na upepo. Kwamba mabadiliko hayo yalikwenda hatua kwa hatua tunalijua kwa sababu hatua za katikati bado ziko hai. Mwaka 1896 Hirase Sakugoro, mjini Tokyo, aliona ndani ya mbegu changa ya mginko mbegu za kiume zikiogelea katika kijimaji kilichotayarishwa na mti wenyewe, mita kadhaa juu ya ardhi. Mti huo ulikuwa umeachana na vidimbwi vya nje kwa kujitengenezea kidimbwi ndani. Misonobari na mimea ya maua imeliacha hata hilo, kwani mrija wa chavua hukua na kuipeleka mbegu ya kiume hadi kwenye yai.

Maua yalifuata katika kipindi cha Kretasia, zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita, na leo mimea ya maua ina takriban spishi 300,000. Yanastahili hotuba yao wenyewe, hivyo nitayapita. Ningependa mjue tu kwamba ule mgongano wa awali haukuisha kwa kuwapo kwao. Mahindi na miwa huikusanya kaboni dioksidi kwa kimeng'enya maalumu na kuilimbikiza ndani ya jani, na hivyo huweza kufungua stomata kidogo kuliko mimea mingine. Dungusi na mkonge hufungua stomata usiku, wakati wa baridi, huihifadhi kaboni dioksidi katika asidi, na mchana hufunga kila tundu na kuitumia ile akiba. Ni njia mbili tofauti zilizojitokeza mara nyingi katika koo zisizohusiana, na zote zinalenga kupunguza bei ile ile ya maji.

Iko mimea iliyorudi. Nyasi za baharini ni mimea ya maua ambayo wahenga wake walikuwa nchi kavu na ambayo sasa huishi ndani ya maji ya chumvi maisha yake yote. Mwaka 2016 ilichapishwa jenomu ya mmojawapo, Zostera marina, na watafiti walipozitafuta jeni zinazojenga stomata hawakuzikuta, kwani zote zimepotea. Kati ya jeni za kujikinga na urujuanimno, baadhi zimepotea pia, na ukuta wa seli umepata upya dutu zenye salfa zinazofanana na zile za mwani wa baharini. Maji yalipoacha kuwa kitu cha kulipia, mlango wa kuyapoteza haukuwa na kazi tena. Lakini mmea huo haukugeuka kuwa mwani: bado una mizizi inayoshika mchanga, una mirija ndani ya majani, na chini ya mawimbi huchanua maua madogo ambayo chavua yake, ndefu na nyembamba kama uzi, hubebwa na mkondo hadi kwenye ua lingine, na mwishowe huzaa mbegu.